Familia ya Nne

"TANGAZO. Washiriki wote wa Mafunzo ya Siku Tatu ya Kuzungumza na Familia Kuhusu Afya ya Akili ya Vijana wanatangaziwa kwamba, kufuatia upotevu wa vikombe viwili siku ya kwanza, kila mshiriki atatumia kikombe kimoja tu, chenye kibandiko cha jina lake, hadi mafunzo yatakapofungwa. Vikombe vitagawiwa ndani ya ukumbi, kwa majina. Mshiriki atakayekutwa na kikombe chenye jina la mwenzake atatakiwa kutoa maelezo. Imetolewa na Mratibu."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mikutano mjini Same asubuhi ya Alhamisi, na Mratibu mwenyewe, Bwana Nicolaus, akalisoma kwa sauti mara mbili, ingawa kila aliyekuwa mbele yake alikuwa na stashahada walau moja. Washiriki walikuwa ishirini na wanne: wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na walimu wa ushauri nasaha, waliotoka Hedaru, Makanya, Maore na vijiji vya mlimani. Walisikiliza kwa utulivu ambao hakuna mada iliyokuwa imeupata tangu jana yake.

Mwezeshaji, Sadock Mrutu, alikuwa amesimama kando ya bango kitita akingoja zamu yake. Alikuwa tabibu wa afya ya akili, mtu wa miaka arobaini, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na imani thabiti kwamba anajua kuandika. Imani hiyo ndiyo iliyomponza. Kitini cha mafunzo alikiandika yeye peke yake, kurasa thelathini na mbili, na ndani yake mlikuwa na familia tano za mfano. Nne alizitunga akiwa mezani, nazo zilikuwa na uhai wa kadiri ya meza. Moja, ile iliyoitwa Familia ya Nne, hakuitunga.

Mwaka uliotangulia, katikati ya kiangazi, mwanamke aitwaye Rogathe alikuwa amemletea kliniki binti yake wa mwisho, Lukia, mwenye umri wa miaka kumi na saba, kutoka kijiji cha mlimani juu ya Maore. Baba wa binti, mzee wa kanisa la Wasabato, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Lukia aliacha kula, kisha akaacha kulala, kisha akaacha kusema. Alfajiri moja alikwenda kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa mlimani hulijaza maji ya kijito usiku kucha na kuyafungulia mashambani asubuhi kwa zamu. Akalizibua, akaketi ukingoni, akayatazama maji ya zamu ya jirani yakiporomokea korongoni hadi tone la mwisho. Walimuuliza kwa nini. Alijibu siku ya pili yake: alitaka kuona kitu kingine nacho kikiisha.

Wazee wa ndiva waliinyima familia ile zamu ya maji kwa msimu mzima. Watoto wa njiani wakampatia Lukia jina. Rogathe hakungoja jina hilo likomae. Alifunga mizigo, akateremka mpaka Same, ambako hakuna aliyemjua, akapanga chumba karibu na reli na kupata kazi ya upishi. Sadock alijua kwamba mama huyo anapika mahali fulani. Hakuwahi kuuliza ni wapi. Kwenye fomu ya mgonjwa palikuwa na nafasi ya kujaza kazi ya mzazi. Mahali pa kazi hapakuwa na nafasi.

Siku ile ya kwanza kliniki, mkono wake ukiwa juu ya kitasa, alikuwa amemwambia: "Mama, utakayoyasema humu hayatavuka mlango huu."

Na kwa mwaka mzima hayakuvuka. Sonona ya binti ilipungua polepole, kama maji yanavyopungua kwenye udongo mzito. Alirudi kula, akarudi kulala; siku moja alimcheka tabibu kwa kufunga saa mkono wa kulia. Jumatatu iliyokuwa inakuja ndiyo siku aliyotakiwa kuanza upya kidato cha tatu katika shule moja ya mjini. Sare ilikwisha kushonwa. Alichokuwa akikisubiri si elimu hasa. Alikuwa akisubiri darasa la watu wasiomjua.

Sadock alikuwa ameiandika Familia ya Nne akiwa na dhamiri safi. Lukia alimwita Binti N. Kijiji alikiita Kijiji X. Baba alimfufua kutoka kaburini na kumfanya mlevi, kwa kuwa mafunzo ya namna hii hupenda baba mlevi. Huokoa muda wa majadiliano. Ndiva aliiacha kama ilivyo. Aliiacha kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko yote katika kurasa thelathini na mbili, na mwandishi, hata akiwa tabibu, si rahisi afute kitu kizuri alichokipata bure. Tena aliacha sentensi moja ya Rogathe, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu: "Mwanangu si mwendawazimu, daktari. Ana msiba ambao sisi wengine tumeumaliza mapema."

Ukutani, juu ya kichwa chake, lilining'inia bango la kitambaa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Wahenga hawakuacha neno lolote kuhusu mgonjwa anayeumbuliwa na tabibu wake. Huenda waliona halihitaji kusemwa.

Saa nne kasorobo likaja igizo dhima. Washiriki waliigiza ofisa anayeizuru Familia ya Nne. Uhusika wa mama aliuomba Mwalimu Kurwa, mwalimu wa ushauri nasaha katika shule moja pale mjini, mtu mnene na mcheshi ambaye hakuna aliyemchukia.

"Nipeni kitenge," alisema. "Mimi bila kitenge machozi hayatoki."

"Vaa koti lako, mwalimu," mmoja akamchokoza. "Mama wa kisasa."

"Mama wa kisasa hana ndiva, bwana. Kitenge!"

Bwana Nicolaus, aliyependa kuonekana akitatua tatizo, alitoka kwenda jikoni na kurudi na kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Kurwa akajifunga kiunoni, akatia ncha nyingine kichwani, na ukumbi ukaangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Uhusika wa baba ukamwangukia Sindato, ofisa ustawi kutoka Makanya, kijana mrefu wa kifugaji asiyependa makuu.

"Yumba basi, Sindato! Wewe si mlevi?"

"Kwetu mlevi huketi," akajibu Sindato. "Anayeyumba ni mwenye njaa."

Wakacheka tena. Sadock naye alitabasamu, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa usahihi wa kuchukiza: meno yalionekana.

"Ole wangu mie!" Kurwa akalia, mikono kichwani. "Ndiva ya watu mwanangu kaimwaga kama maji ya kuoshea masufuria! Nitauweka wapi uso wangu mbele ya wanadamu?" Kisha akachungulia kitini, akashusha sauti hadi ikatetemeka vizuri sana. "Mwanangu si mwendawazimu, daktari. Ana msiba ambao sisi wengine tumeumaliza mapema."

Walimpigia makofi.

Makofi yakiwa yanaisha, muuguzi aitwaye Mary, aliyetoka zahanati ya upande wa Maore, alisema kutoka kwenye kiti chake, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini: "Jamani, hii si ya kutunga! Hii ndiva ni ya kwetu. Hawa nawajua kabisa. Na yule baba wala hakuwa mlevi, alikuwa mzee wa..."

Mlango ulifunguliwa. Siku ya kwanza chai ilikuwa imepitishwa kwenye dirisha la jikoni, kila mtu akajichukulia, na ndiyo maana Sadock hakumwona mpishi, wala mpishi hakumwona yeye. Lakini sasa kulikuwa na tangazo. Vikombe vilitakiwa kugawiwa ndani, kwa majina. Kwa hiyo mpishi aliingia na sinia, na huyo mpishi alikuwa Rogathe. Alikuwa amesimama nje ya mlango tangu makofi, kwa kuwa ni utovu wa adabu kuingia watu wakipiga makofi.

Kama Mary angelelewa kwingine, angeinamisha macho, na pengine jambo lingeishia hapo: mpishi mmoja, sinia moja, mkasa wa Binti N. wa Kijiji X. Lakini alilelewa mlimani, katika nyumba ambamo mtoto akimpita mtu mzima bila salamu, habari humtangulia kufika kwa mama yake. Malezi hayo hayamwulizi mtu kama huu ndio wakati. Mary aliinuka, magoti yakakunjika kidogo yenyewe.

"Shikamoo, mama Lukia."

Ukumbi mzima uligeuka.

"Marahaba, mwanangu," Rogathe alisema. Hakuwa na jibu jingine. Salamu ile haina.

Mary aliketi polepole, mkono mdomoni. Kurwa alikuwa bado amesimama katikati, kitenge kichwani. "Lukia?" alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwa mtu wa kifua chake ilifika kila kona. "Huyu ninayempokea Jumatatu?"

Rogathe alianza kugawa vikombe. Alisoma kila kibandiko, akamtazama mwenyewe, akampa, akamimina. Ishirini na wanne. Alipomfikia Kurwa, alisema, "Karibu chai, mwalimu," na mwalimu akapokea kwa mikono miwili, akiwa amevaa nguo ya anayempa. Kikombe cha mwisho kilikuwa cha mwezeshaji.

"Karibu, daktari. Sukari sijui unatia ngapi."

Katika kurasa thelathini na mbili, Sadock alikuwa ameorodhesha misemo kumi na saba ya kumwambia mzazi aliyeumizwa. Alisema, "Asante." Rogathe akatoka na sinia tupu. Kitenge hakukiomba.

Ratiba, baada ya chai, ilionyesha kipindi cha Kutunza Siri za Familia. Sadock alikifundisha, dakika hamsini, na aliuliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali.

Alasiri, akiwa amekunja kitenge ndani ya mfuko wa karatasi, alifuata njia ya reli mpaka kwenye nyumba aliyoelekezwa. Rogathe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua mchele kwenye ungo. Hakunyanyuka, wala hakukunja uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta kitenge?"

"Nimekileta."

"Weka hapo. Nitakifua."

Sadock aliweka. Alikuwa ametunga maneno njiani, na sasa aliyasikia yakitoka kama yanasomwa na mtu mwingine. "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilibadilisha majina yote, na kijiji, nikaamini kwamba..."

"Mume wangu umemlevya kwa nini?"

Sadock aliusogeza mfuko wa karatasi karibu na ukuta.

"Nakuuliza, daktari. Mimi nawachemshia chai kwa sababu ndiyo kazi niliyoipata. Mume wangu, kwa imani yake, hata chai ya majani hakuigusa, seuze pombe. Amezikwa na miaka hamsini na tisa, hajui pombe ina ladha gani. Wewe umemnywesha mbele ya watu ishirini na wanne."

"Ilikuwa kuwaficha, mama. Ili msijulikane."

"Basi ungeificha ndiva, ukamwacha mume wangu."

Jibu la kweli lilikuwepo, na lilikuwa fupi: ndiva ilipendeza. Sadock alilitazama jibu hilo, akaona ya kuwa mtu anaweza kuishi miaka arobaini bila kujua kwamba yeye ni wa namna ile. Akainama kuokota punje ya mchele iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. Rogathe aliitoa, akaitupa. Ilikuwa chuya.

Lukia alitokea mlangoni. Nyuma yake, kwenye msumari, sare ya shule ilining'inia, marinda yamenyooshwa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Lukia."

"Mama ameniambia kuna igizo." Alikuwa na utulivu, lakini ulikuwa ule utulivu wa zamani, wa mwaka jana, na Sadock aliutambua kama mtu anavyotambua hodi. "Nani aliniigiza mimi?"

"Hakuna aliyekuigiza. Palikuwa na mama, na baba, na ofisa anayeizuru familia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unazungumziwa."

"Basi walipatia," Lukia alisema.

Treni ya mizigo ilipita, ndefu. Ilipokwisha, Sadock alijaribu tena. "Nitazungumza na Mwalimu Kurwa. Kesho hiihii. Nitamwomba asiseme kitu shuleni."

"Asiseme nini?" binti akauliza. "Sasa hivi huenda ameshasahau nusu. Wewe ukienda kumwomba, atakumbuka yote."

"Na wale wengine ishirini na watatu?" Rogathe aliongeza, macho kwenye ungo. "Utawapitia mmoja mmoja kwa majina, kama vikombe?"

"Mama, Lukia ameendelea vizuri mno. Tusiache tiba. Kliniki ni Alhamisi ijayo, saa tatu."

"Mlango ni uleule, daktari?" Rogathe alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ule usiovukwa?"

Aliondoka bila kupewa maji ya kunywa. Kwa desturi ya watu wa mlimani, mgeni hata awe mdai hupewa maji.

Jumatatu alijizuia kupita karibu na shule. Alhamisi, kuanzia saa tatu mpaka saa saba, aliuacha mlango wa chumba chake cha kliniki wazi, jambo linalokatazwa na taratibu alizoziandika mwenyewe. Ijumaa asubuhi alikwenda tena kwenye nyumba ya reli. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo alimwambia kwamba yule mama na binti yake wamehama juzi, na godoro lao.

"Wamekwenda wapi?"

"Hakusema. Alisema tu anakwenda mahali asipojulikana. Nikamwambia, mama, si ndiyo hapa? Akacheka." Mwanamke alikung'uta shuka. "Wewe ndiye mjomba wake?"

"Hapana," Sadock alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimtibu binti."

"Aa. Basi pole."

Alikuwa hajapewa pole na mtu, na hakuona pa kuiweka.

Mchana huohuo kulikuwa na kikao cha tathmini ya mafunzo, katika ukumbi uleule. Chai ililetwa na mwanamke mwingine. Sadock alikuwa katibu wa kikao, lakini aliomba kusema kabla ya ajenda. Alisimama na kusoma alichokuwa amekiandika: kwamba Familia ya Nne ni wagonjwa wake halisi, kwamba alivunja ahadi aliyoitoa kwa mdomo wake, kwamba nakala zote za kitini zikusanywe, kwamba yeye afikishwe mbele ya wanaohusika na nidhamu ya taaluma yake, na kwamba familia itafutwe, popote ilipo, si kwa ajili ya kuombwa radhi bali kwa ajili ya dawa na ufuatiliaji wa binti, ambao sasa umekatika. Sauti yake haikutetemeka. Alijichukia kidogo kwa kuona kwamba sentensi zilikuwa zimekaa vizuri.

"Daktari, usijidhalilishe," Bwana Nicolaus alisema kwa upole. "Kitini nimekipitia. Jina la mtu halimo hata moja."

"Ndiva imo."

"Ndiva ni miundombinu."

Sindato, aliyekuwa ameketi pembeni, alisema, "Mimi nilimwigiza marehemu kuwa mlevi. Hilo linaandikwa wapi?" Mratibu alimwambia hoja hiyo ingefikiriwa kwenye mengineyo.

Ndipo Mwalimu Kurwa akainua mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mtu mwema, na wiki ile hakuwa amelala vizuri. "Mimi sikukaa tu," alisema. "Tangu siku ile nilijiuliza nimfanyie nini yule binti. Jumatatu asubuhi, kabla hajafika, niliingia darasani kwake. Nikawaeleza wanafunzi wote kwamba atakuja mwenzao aliyepitia magumu: amefiwa na baba, akaugua kwa huzuni, kukatokea mambo ya maji kule mlimani, lakini sasa ni mzima, na asije mtu akamcheka. Nimefuata ukurasa wa kumi na tisa, daktari. Kuandaa Mazingira ya Mapokezi. Walinielewa sana. Wengine walilia. Kiti chake nimekiweka mbele." Alishusha mkono. "Hakuja."

Ukurasa wa kumi na tisa Sadock aliukumbuka. Aliuandika Jumapili moja jioni, na aliupenda.

Alikaa chini. Alitambua kwamba alitaka aadhibiwe, na kwamba kutaka huko nako kulikuwa ni namna ya kuomba apewe kitu. Kikao kiliendelea juu yake na pembeni yake kwa dakika arobaini. Mwishoni Mratibu alimgeukia katibu na kumtaka aandike uamuzi, kwa lugha safi, kwa kuwa ungebandikwa mlangoni. Sadock Mrutu alichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama kawaida.

"UAMUZI. Baada ya majadiliano ya kina, kikao kimeridhia kwa kauli moja kwamba: kwanza, katika Familia ya Nne, neno 'ndiva' lifutwe popote lilipo na badala yake liandikwe 'chanzo cha maji'; pili, ulevi wa baba ubaki kama ulivyo, kwa kuwa una manufaa ya kimafunzo; tatu, kuanzia mafunzo yajayo, wapishi wasiingie ukumbini kwa sababu yoyote, na vikombe vyote vipangwe nje ya mlango kwa mpangilio wa alfabeti. Uamuzi huu unaanza kutumika mara moja."